Kabla Hujapandisha Gari Njombe Mwezi wa Sita

Kuanzia mwishoni mwa Mei mpaka Agosti, gereji yetu hapa Makambako hupokea magari yenye malalamiko yaleyale. Yametoka Dar au Morogoro, yamepanda mlima wa Kitonga bila shida, yamelala usiku mmoja Njombe au Makete, na asubuhi yamegoma. Mengine yamewaka, ila dereva haoni mbele kwa ukungu wa kioo. Mengine hita inapuliza upepo wa baridi mpaka watoto wamefungwa mablanketi kwenye siti ya nyuma. Shule zikifungwa mwezi wa sita ndio kabisa, na ikikaribia Nane Nane, watu wanapoelekea viwanja vya John Mwakangale kule Mbeya, mafundi hatulali.

Wote huuliza swali moja: "Fundi, ninunue nini?" Jibu langu huwa linawakera kidogo. Kabla ya kununua chochote, turudishe vilivyotolewa. Hizi IST, Noah, Probox na Premio zimetengenezwa Japani, nchi yenye theluji. Zilitoka huko na themostati (kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto), hita inayofanya kazi, kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, na oili nyepesi. Zikifika kwetu, kwenye joto la Pwani, vitu vyote vya baridi vinaonekana mzigo. Kimoja kinachomolewa, kingine kinazibwa, kingine kinajazwa maji ya bomba. Gari linatembea miaka Kariakoo na Mbagala bila kudai. Siku likilala Makete, ambako usiku wa Julai nyuzi joto hushuka hadi kwenye sifuri na sakitu, ule umande ulioganda, inaunguza viazi shambani, linadai vyote kwa pamoja.

Tuanze na themostati, maana ndiyo inayotolewa kuliko kitu kingine. Gari likichemsha, fundi mwenye haraka anaitoa, maji yanazunguka muda wote, mshale unashuka, mteja anafurahi. Kilichosababisha kuchemsha, iwe ni rejeta iliyoziba, feni iliyokufa au mfuniko uliochoka, kinabaki palepale. Mwaka jana bosi mmoja aliniletea Rumion akilalamika kwamba inakunywa mafuta kama Fuso.

"Bosi, themostati yako iko wapi?"

"Fundi wangu alisema nchi yetu ya joto, haina kazi."

"Na hapa ulipo ni nchi ya joto?"

Alikuwa amevaa koti la mkewe. Tulicheka wote.

Injini isiyo na themostati kwenye baridi haifiki joto lake la kazi. Kompyuta ya gari inadhani ndiyo kwanza limewashwa, inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Unyevu ulioko ndani ya injini haukauki, unachanganyika na oili, na ukifungua kifuniko cha oili unakuta utando wa rangi ya krimu. Huo utando usikutie hofu moja kwa moja kwamba gasketi ya injini imeungua. Angalia themostati kwanza. Na hita ya ndani, inayotegemea maji ya moto ya injini, inakuwa feni tu.

Kujua kama gari lako linayo, huhitaji kufungua kitu. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, washa, liache silensa bila kukanyaga mafuta, kisha shika hosi kubwa za rejeta na rejeta yenyewe, ukiweka mkono mbali na feni. Vinatakiwa kubaki baridi kwa dakika kadhaa, halafu themostati ikifunguka joto linaingia kwa mkupuo. Ukiona vinapata uvuguvugu kidogokidogo tangu mwanzo, ama haipo ama imekwama wazi. Dalili nyingine ni mshale wa temperecha unaopanda ukiwa kwenye mlima na kulala ukianza kuteremka.

Unayoinunua ipime kabla haijafungwa. Angalia namba iliyogongwa juu yake. Ni nyuzi joto inapoanza kufunguka; kwa Toyota nyingi utakuta 82 au karibu na hapo. Funga uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji bila kugusa chini, weka jikoni. Maji yakikaribia kuchemka, sahani ya katikati inatakiwa iwe imeachia wazi, karibu upana wa kidole kidogo. Ukiitoa ikapoa, ijifunge. Isiyofunguka irudishe dukani hapohapo. Wakati wa kuifunga, kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kikae juu, ndipo hewa inapotokea. Ukimaliza, weka hita kwenye joto la mwisho, acha mfuniko wa rejeta wazi, injini iwake taratibu ukiongeza kulanti mpaka mapovu yaishe. Fundi anayefunga mfuniko na kukuambia "tayari" kabla ya mapovu kwisha amekuachia hewa ndani, na hewa hiyo itakuchemshia gari Kitonga wakati wa kurudi.

Sasa kulanti. Wengi hudhani kazi yake ni kuzuia maji yasigande. Kwa baridi yetu sitakutisha: injini iliyopasuka kwa sababu ya usiku wa Njombe mimi sijaiona. Kitakachoganda Makete ni maji ya kuoshea kioo. Kazi kubwa ya kulanti huku ni mbili, kuzuia kutu na kuchelewesha kuchemka. Hilo la pili watu wa Pwani hawalifikirii. Mama yeyote wa Makete atakwambia maharage huku hayaivi haraka, na sababu yake ndiyo hiyohiyo inayohusu rejeta: kadiri unavyopanda, maji yanachemka mapema. Mbeya mjini, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Uwanda wa Kitulo, ulio juu ya mita 2,600, ni kama 91. Kwa hiyo gari lenye maji matupu na mfuniko uliochoka, likipanda mlima limejaza abiria na magunia, lina nafasi ndogo sana kabla ya kuchemsha, hata kama nje watu wanatetemeka.

Mfuniko wenyewe ni kipuri cha bei ndogo ambacho watu hawakijali. Umeandikwa 0.9 au 1.1 juu yake. Huo ni mgandamizo unaoushikilia, na huo wa 1.1 unapandisha kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya nyuzi 20. Mpira wake ukipasuka, faida hiyo yote imekwisha. Badilisha kwa namba ileile, na usiufungue injini ikiwa ya moto hata kama una haraka ya mazishi.

Kulanti ya kuchanganya nusu kwa nusu na maji safi inatosha kabisa. Mchanganyiko huo haugandi mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri. Ile ya pinki ya Toyota huja imeshachanganywa, usiiongezee maji. Tatizo ni kwamba kuna maji ya rangi yanauzwa kwenye magaloni mazuri. Kipimo changu ni hiki: mimina kidogo kwenye kichupa, kikichanganywa nusu kwa nusu kama ni ya kuchanganya, weka kwenye friza usiku kucha. Ikiganda ikawa jiwe, umeuziwa maji. Kichupa hicho kiandike na kikae mbali na chakula na watoto. Kulanti nyingi ni sumu, na ubaya wake ina ladha tamu. Mbwa wanailamba ikimwagika.

Hita nayo hukatwa. Kile kirejeta kidogo kilichofichwa nyuma ya dashibodi kikivuja, mafundi hawapendi kushusha dashibodi nzima, basi wanaunganisha hosi zake mbili na kipande cha bomba, maji yanapita nje. Fungua boneti, angalia ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Utaona hosi mbili nyembamba zinaingia ndani. Injini ikiwa moto na hita imefunguliwa, zote mbili ziwe za moto. Moja ikiwa baridi, kirejeta kimeziba, na mara nyingi kukisukumia maji kwa nguvu upande wa kinyume kunakisafisha. Ukikuta zimeunganishwa pamoja, umeshajua. Na ukisikia harufu ya utamutamu ndani ya gari huku kioo kikipata utando wa mafuta, kinavuja sasa hivi.

Hapa niseme kuhusu AC, maana ndiyo mjadala wangu wa kila mwaka. Huku kwetu watu hukata mkanda wa AC kwa hoja kwamba baridi ya Mungu inatosha. Kuna mwalimu mstaafu wa Wanging'ombe, mteja wangu wa siku nyingi, alikuja analalamika kioo kinajaa ukungu mpaka anaendesha ametoa kichwa dirishani. Nilimwambia, "Mwalimu, shikamoo, naomba tuwashe AC." Akanitazama kama nimemtukana. "Marahaba, mwanangu. Baridi hii unaongeza baridi?" Nikaweka kitufe cha AC, joto mpaka mwisho, upepo kioo cha mbele, nikazima ile alama ya gari lenye mshale unaozunguka ndani. Kioo kikaanza kufunguka kutoka chini, kwanza nusu duara mbili ndogo, kisha zikakutana katikati. Hakusema kitu, akaandika kwenye kidaftari chake mpangilio wa vitufe.

Kinachofanyika ni hiki. Ukungu wa ndani unatokana na pumzi za abiria, nguo zenye umande na zulia lenye maji. AC inakausha hewa, hita inaipasha, na hewa kavu yenye joto inafyonza unyevu wa kioo. Ukiuacha mzunguko wa ndani ukiwa umewashwa, unarudia kupuliza pumzi zilezile. Kwa hiyo hata kama AC yako haina gesi, fungua hewa ya nje na hita, utapata nafuu kubwa. Kagua pia kichujio cha hewa nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Kingine tumekitoa kina majani ya mti wa mwaka juzi na kiota cha panya. Kioo kisafishwe upande wa ndani pia, maana ukungu unapenda kushika kwenye mafuta ya vidole na vumbi.

Betri. Baridi haiui betri nzima, inaifichua iliyokuwa inakufa. Kwenye nyuzi sifuri betri inapoteza kama sehemu ya tano ya nguvu zake au zaidi, na wakati huohuo oili imekuwa nzito, stata inahitaji umeme mwingi kuzungusha injini. Pima asubuhi kabla ya kuwasha, sio jioni ukitoka safari. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.4 inavumilika, 12.2 ni nusu na usilale nayo Makete. Mwenzako akiwasha huku ukitazama mita, isishuke chini ya 9.6. Gari likiwaka, alteneta itoe kati ya 13.8 na 14.4. Ukipata chini ya hapo, betri mpya haitakusaidia. Utakuwa umenunua nyingine ya kuua.

Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri umwagie maji ya moto yenye magadi, sugua na brashi ya waya, kausha, kaza, paka grisi. Na usikubali kuuziwa saizi ndogo kwa sababu "inaingia". Gari lililokuja na NS60 lifungwe NS60. Waya za kubustia kila mtu awe nazo, nene, sio zile nyembamba za mapambo. Nyekundu kwa nyekundu kwanza, kisha nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho nyeusi ya pili kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, msiwachoshe vijana wa watu.

Kwa oili sina mengi. Soma namba iliyoandikwa kwenye kitabu au kwenye kifuniko. Injini ndogo za kisasa zinataka 5W-30 au jirani yake. Kuziwekea 20W-50 kwa sababu "ni nzito, inalinda" ni kuziacha zizunguke kavu kwa sekunde kadhaa kila alfajiri. Namba ya kabla ya W ikiwa ndogo, oili inakimbia mapema kwenye baridi. Dizeli za zamani nyingi zinakwenda na 15W-40. Wenye dizeli, subirini taa ya springi kwenye dashibodi izime ndipo mpige stata. Moshi mweupe mwingi asubuhi mara nyingi ni plagi za hita zimekufa, mpime moja moja. Fungueni pia koki ya chini ya filta ya dizeli mtoe maji. Na tangi lisikae robo usiku kucha.

Tairi huathirika kuliko watu wanavyodhani. Upepo unapungua kama psi moja kwa kila nyuzi 5 au 6 joto linaposhuka. Ukijaza 32 saa saba mchana Njombe kuna nyuzi 22, alfajiri kukiwa na 4 una 29 tu, na pancha huna. Jaza asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa namba iliyoko kwenye ubao wa mlango wa dereva. Soma umri wake ubavuni: tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kuna mtego mmoja wa magari yanayotoka bandarini. Yakiwa yametoka mikoa ya theluji ya Japani, huja na tairi zilizoandikwa STUDLESS. Mtu akisikia ni tairi za baridi anafurahi, anasema ndizo za Makete. Hapana. Zile ni laini, zimetengenezwa kwa theluji na barafu. Kwenye lami yetu ya mchana zinaisha haraka, na kwenye kona za Kitonga unaposhuka na mzigo unahisi gari linayumba juu yake. Zitoe. Gari kama hilo lichunguze pia chini, uangalie kutu, maana barabara za huko humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji.

Asubuhi ya sakitu, usimwagie kioo maji ya moto. Kitapasuka kutoka upande hadi upande na utalia. Jioni funika kioo cha mbele kwa gunia au turubai, ukibane na milango. Ukisahau, washa gari, weka hita kwenye kioo, na ukwangue kwa kadi ya plastiki. Wipa zilizogandia zisiwashwe kabla hazijabanduliwa kwa mkono, utaunguza mota. Kupasha moto injini nusu saa hakuna maana. Dakika moja au mbili, kisha ondoka taratibu bila kukanyaga sana mpaka mshale upande.

Na tafadhali sana, ukilazimika kulala kwenye gari, usilale vioo vimefungwa injini inaunguruma, na usiingize jiko la mkaa ndani hata kwa dakika chache. Hewa ya sumu inayotoka kwenye injini na mkaa haina harufu, unasinzia tu, huamki. Blanketi zito na soksi mbili vinatosha mpaka kuche. Wapo pia wanaosukumia jiko chini ya injini ili oili ilainike. Juu ya jiko hilo kuna mabomba ya petroli.

Barabarani, kati ya Mafinga na Makambako, kwenye misitu ya Njombe, na ukitoka Uyole kuelekea Tukuyu hasa pale Isyonje, ukungu unaweza kukufunika ghafla mpaka usione boneti. Washa taa za chini, sio full. Full zinarudishwa na ukungu usoni kwako. Hazadi ni za gari lililosimama. Ukitembea nazo, wa nyuma hajui unakata kona au umeharibikiwa. Gari lako likiwa na taa nyekundu ya ukungu nyuma, itumie, kisha uizime ukungu ukiisha. Fungua kioo kidogo usikilize, maana lori la Tunduma utalisikia kabla hujaliona. Ukiteremka Kitonga au zile kona hamsini na saba za Chimala, weka gia nzito, 2 au L, injini ishike gari; breki zibaki kwa ajili ya dharura.

Ukiona matawi mabichi yametandazwa barabarani, punguza mwendo hapohapo. Mbele kuna lori limekufa, na dereva wake hana kingine cha kukuonya kinachoonekana mapema. Wewe beba reflekta zako mbili na tochi, na ukiharibikiwa ziweke mbali, sio hatua tatu nyuma ya bampa. Ukitumia matawi na mawe kuzuia tairi, gari likiwaka rudi uyaondoe yote, maana wanaopita usiku na pikipiki kwenye ukungu huo hawatayaona.